6061 Ni Nusu ya Jina: Kusoma na Kuchagua Hali ya Ugumu ya Aloi za Alumini

Bati la kwanza la alumini kunipasukia kwenye mashine ya kukunjia lilikuwa la 6061, unene wa milimita 3. Nilitaka pembe ya nyuzi 90. Kabla mkunjo haujafika nusu, ufa ulijitokeza upande wa nje na kukimbia kutoka ncha moja hadi nyingine. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimekunja bati jingine la 6061 lenye unene uleule, kwa kalibu ileile, nalo likatii bila kelele. Nilihangaika na mashine siku nzima. Jibu lilikuwa limechapwa kwenye bati lenyewe: lile lililotii lilikuwa 6061-O, na lile lililopasuka lilikuwa 6061-T6.

Namba ya aloi inakwambia metali imechanganywa na nini. Herufi na tarakimu zinazofuata kistari zinakwambia metali hiyo imepitia nini: imechomwa, imepozwa ghafla, imekandwa kwenye rola, imeachwa ikomae. Hilo ndilo nitakaloliita hali ya ugumu, au hali tu. Wengine huita tempa. Si nyongeza ndogo ya jina. 6061-O hubaki imepinda ikifikishwa mkazo wa takriban megapaskali 55. 6061-T6 hustahimili hadi kama 275. Mchanganyiko ni mmoja, nguvu ni mara tano.

Maneno matatu yatajirudia hapa chini. Nguvu ya kupinda ni mkazo ambao ukifikiwa, metali haitarudi ilivyokuwa hata ukiondoa mzigo. Nguvu ya kukatika ni mkazo mkubwa kabisa inaoweza kubeba kabla ya kuachana. Mnyumbuko ni asilimia ambayo kipande hurefuka kabla ya kukatika. Karibu kila uamuzi wa hali ya alumini ni kuuza kimoja cha hivi ili kununua kingine.

Hatua ya 1: Jua ukoo kabla ya kusoma hali

Tazama tarakimu ya kwanza ya namba ya aloi. Ukoo wa 1 ni alumini safi, asilimia 99 au zaidi. Ukoo wa 2 una shaba, wa 3 manganizi, wa 4 silikoni, wa 5 magnesiamu, wa 6 magnesiamu pamoja na silikoni, na wa 7 zinki.

Koo hizi zinagawanyika kambi mbili. Ukoo wa 2, 6 na 7 hupata nguvu kwa joto: unachomwa, unapozwa ghafla, halafu unakomaa. Ukoo wa 1, 3 na 5 haufaidiki na tiba hiyo. Nguvu yake ya ziada hutoka kwenye kukandwa ikiwa baridi, yaani kupitishwa kwenye rola au kuvutwa. Ukoo wa 4 utakutana nao zaidi kwenye waya wa kuchomelea na vyombo vya kusubu.

Mgawanyo huu ni kichujio cha haraka cha makosa. Ukiona mahali pameandikwa 5052-T6, usiagize. Hali hiyo haipo, na aliyeandika amechanganya aloi mbili. Vilevile mtu akikuahidi kwamba ataliimarisha bati lako la 3003 ndani ya tanuri, atakachokurudishia ni bati laini zaidi.

Hatua ya 2: Soma herufi

Herufi ni tano: F, O, H, W na T. Mfumo huu ni uleule katika viwango vya Marekani (ANSI H35.1) na vya Ulaya (EN 515), kwa hiyo ukishaujua hapa umeujua kote. Kwenye bidhaa za zamani za Uingereza unaweza kukuta TB badala ya T4, na TF badala ya T6.

F maana yake ni "kama ilivyotoka". Mtengenezaji hajadhibiti ugumu na hatoi ahadi yoyote ya nguvu. Wapo wanaoidhani F kuwa laini. Inaweza kuwa laini, inaweza kuwa ngumu kiasi, na bati la leo linaweza lisifanane na la mwezi ujao. Kwa kitu kitakachobeba mzigo, F si jibu.

O ni metali iliyolainishwa kabisa kwa joto. Ndiyo hali dhaifu kuliko zote na yenye mnyumbuko mkubwa kuliko zote.

H ni ya kambi inayokandwa. Tarakimu ya kwanza baada ya H inaeleza njia. H1 imekandwa tu. H2 imekandwa kupita kiasi kilichotakiwa, kisha ikarudishwa nyuma kidogo kwa joto. H3 imekandwa, halafu ikatulizwa kwa joto dogo. H4 imekandwa kisha ikapakwa rangi inayookwa tanurini, na joto la rangi limeigusa. Tarakimu ya pili inaeleza ugumu: 2 ni robo, 4 ni nusu, 6 ni robo tatu, 8 ni ugumu kamili, na 9 inapita hapo.

Kwa hiyo 3003-H14 ni bati lililokandwa hadi nusu ugumu, na 5052-H32 ni lililokandwa hadi robo kisha likatulizwa. Kwa nini ukoo wa 5 huuzwa mara nyingi kwa H3? Kwa sababu magnesiamu iliyomo huifanya metali iliyokandwa ilegee polepole yenyewe ikikaa tu ghalani. Kutulizwa kwa joto kunamaliza mwendo huo mapema, ili nguvu utakayoipima leo uikute tena mwakani.

Ngazi za H zinaonekana vizuri kwenye 5052. Katika hali ya O, nguvu ya kupinda ni kama megapaskali 90. H32 ni kama 195, H34 kama 215, H38 kama 255. Tazama pengo kubwa liko wapi: kutoka O hadi robo ugumu. Baada ya hapo unapanda kidogo kidogo huku mnyumbuko ukiporomoka. Ndiyo maana H32 imependwa sana kwenye kazi za bati. Unapata sehemu kubwa ya faida na bado unaweza kukunja.

W ni hali ya mpito. Metali ya kambi ya joto imechomwa na kupozwa ghafla, na bado haijakomaa. Haiuzwi dukani kwa kuwa haikai. Kila dakika inabadilika. Lakini ina matumizi mazuri ajabu. Ribiti za aloi ya 2024 kwenye ndege hupozwa ghafla, kisha huwekwa ndani ya friza, kwa sababu baridi kali huchelewesha kukomaa. Fundi huzitoa chache chache na kuzigonga ndani ya dakika chache zikiwa bado laini. Ugumu wake wote unakuja baadaye, zikiwa tayari zimeshika bati.

Hatua ya 3: Elewa T, maana hapo ndipo pana mambo

Chukua maji moto ukayeyushie sukari nyingi. Yakipoa taratibu, sukari iliyozidi hujikusanya chini kuwa punje kubwa. Aloi ya kambi ya joto hufanya jambo la namna hiyo ikiwa bado yabisi. Kwenye joto la juu, karibu nyuzi 530 za Selsiasi kwa 6061 na karibu 495 kwa 2024, shaba au magnesiamu na silikoni huyeyukia ndani ya alumini bila alumini yenyewe kuyeyuka. Ukiipoza polepole, viungo hivyo hukusanyika kuwa vidonge vikubwa vilivyotawanyika mbalimbali, visivyozuia chochote, nawe unapata O. Ukiipoza ghafla ndani ya maji, havipati nafasi ya kukimbia. Vimenaswa.

Vilivyonaswa havitulii. Siku zikipita, atomi zake hujikusanya kwenye vikundi vidogo mno, vingi mno, vilivyo karibu karibu. Tabaka za alumini zikijaribu kuteleza moja juu ya nyingine, ambako ndiko kupinda kwenyewe, hukwama kwenye vikundi hivyo. Metali inakomaa.

Mjerumani Alfred Wilm ndiye aliyelikuta jambo hili mwaka 1906. Alikuwa akiipima aloi yenye kama asilimia 4 ya shaba na magnesiamu kidogo, akaipoza ghafla, akaikuta laini. Alipoipima tena baada ya siku chache, ilikuwa imeongezeka ugumu ikiwa imekaa tu. Hapo ndipo ilipozaliwa dyuralumini. Sababu yenyewe ilionekana zaidi ya miaka 30 baadaye: mwaka 1938 André Guinier nchini Ufaransa na George Preston nchini Uingereza, kila mmoja peke yake, waliviona vikundi hivyo vya atomi kwa kutumia eksirei. Napenda kuikumbuka habari hii kila ninapofungua tanuri, kwa sababu inaeleza tarakimu zote zinazofuata T.

T4 imechomwa, ikapozwa ghafla, ikaachwa ikomae yenyewe kwenye joto la kawaida. T6 imechomwa, ikapozwa ghafla, kisha ikakomazwa kwa joto dogo ndani ya tanuri hadi kilele cha nguvu. Kwa 6061 hiyo ni takriban nyuzi 175 kwa saa 8, au 160 kwa saa 18. T7 imepitishwa kilele makusudi: vikundi vimekua vikubwa zaidi, nguvu imeshuka kidogo, na kuna kitu kingine kimepatikana ambacho nitakieleza kwenye hatua ya 5. T3 ni kama T4, ila imekandwa baridi kabla ya kukomaa. T8 imekandwa kisha ikakomazwa tanurini.

T5 ina hadithi yake, na inaonekana sana kwenye profaili za milango na madirisha. Profaili ya 6063 ikisukumwa kupitia kalibu tayari ina joto kali. Kiwanda kinaipoza pale pale ikitoka, mara nyingi kwa feni, kisha kinaikomaza tanurini. Hakuna uchomaji wa pili. Nafuu kwa mtengenezaji, na umbo halipindi sana. Gharama yake ni nguvu: 6063-T5 ina nguvu ya kupinda ya takriban megapaskali 145, na 6063-T6 kama 215. Kwa fremu ya dirisha T5 inatosha kabisa. Kwa ngazi au kiegemeo cha mzigo, usikubali T5 kwa sababu tu inafanana na T6 kwa macho.

T1, T2, T9 na T10 zipo, ni mchanganyiko wa hatua hizohizo kwa mpangilio tofauti, na huenda ukafanya kazi miaka mingi bila kuzishika.

Kisha kuna tarakimu za mkiani. 51, kama kwenye T651 au T351, maana yake ni kwamba baada ya kupozwa ghafla metali ilivutwa, kwa kawaida kati ya asilimia 1.5 na 3 kwa bamba, ili kuondoa mkazo uliojificha ndani. T6511 ni ya profaili iliyovutwa hivyo na kuruhusiwa kunyooshwa kidogo baadaye. T652 iligandamizwa badala ya kuvutwa. Usizipuuze, utaona zinavyookoa kazi ya kuchonga.

Hatua ya 4: Anza na utakachoifanyia metali

Watu wengi huchagua kwa kufungua jedwali na kutafuta namba kubwa. Mimi nasema anza na karakana yako. Hali iliyochapwa kwenye bati ni hali ya siku lilipotoka kiwandani. Kila ukikunja, ukichomelea au ukioka, unaandika hali mpya juu ya ile ya zamani, na kitu kitakachofika kazini ni kile ulichokiacha wewe.

Kama utakunja. Kwa kazi ya kawaida ya bati, 5052-H32 au 3003-H14 itakupa amani. 5052-H32 yenye unene wa milimita 3 hukunjika vizuri kwa nusu kipenyo cha ndani kinacholingana na unene au kuuzidi kidogo. 6061-T6 ya unene huohuo inataka mara 3 au 4 ya unene, na hata hapo jaribu kipande kwanza. Weka mstari wa mkunjo ukikatiza mwelekeo wa rola, ile mistari myembamba inayoonekana juu ya bati. Ukikunja sambamba nayo unaualika ufa.

Ikiwa ni lazima kitu kiwe 6061 na kiwe na nguvu ya T6, nunua T4, kikunje, kisha kikomaze tanurini kwa nyuzi 175 kwa saa 8. T4 ina mnyumbuko wa kama asilimia 22, na nguvu yake ya kupinda ni kama megapaskali 145, kwa hiyo inakubali kazi. Baada ya tanuri unakuwa na T6 yenye umbo unalotaka. Njia hii ndiyo ningeitumia kwa lile bati langu lililopasuka. Magari hutumia akili hiyohiyo: mabati ya nje ya ukoo wa 6 hufinyangwa yakiwa T4, na tanuri la kukaushia rangi huyaongezea ugumu.

Njia ya mkato ni kulainisha mstari wa mkunjo kwa moto. Alumini haibadiliki rangi ikipata moto kama chuma kinavyofanya. Inabaki nyeupe mpaka inaporomoka, na 6061 huanza kuyeyuka karibu nyuzi 580. Mafundi hupaka sabuni ya kipande juu ya mstari na kusimamisha moto sabuni inapogeuka nyeusi. Inafanya kazi. Lakini hapo ulipolainisha si T6 tena, na haitarudi kuwa T6 kwa kusubiri, hata ukisubiri mwaka. Fanya hivyo kwa kifuniko, si kwa kishikio cha mzigo.

Kama utachomelea. Hapa ndipo watu hudanganyika zaidi. Joto la kuchomelea hupitisha kilele sehemu iliyo jirani na mshono, na nyingine huilainisha kabisa. 6061-T6 yenye nguvu ya kukatika ya megapaskali 310 hubaki na takriban 165 kwenye eneo la mshono, na wabunifu huchukulia kwamba udhaifu huo unaenea kama milimita 25 kila upande. Ulinunua T6, sawa, lakini kwenye kiungo una kitu kingine. Kwa hiyo usiweke mshono mahali penye mkazo mkubwa. Upeleke karibu na katikati ya kimo cha boriti, kati ya uso wake wa juu na wa chini, au mahali ambapo mzigo ni mdogo.

Suluhisho la pili ni kubadili ukoo. 5083-H116 (hali ya H ya kazi za baharini, tazama hatua ya 5) huchomelewa vizuri, na ikilainishwa na joto inaanguka hadi O tu, ambayo kwa aloi hiyo bado ni kama megapaskali 290 za kukatika. Anguko ni fupi kwa sababu sakafu iko juu. Boti nyingi za alumini zimejengwa kwa sababu hii hasa. Kuhusu 2024 na 7075, usizichomelee kwa tao la umeme. Hupasuka zikiwa bado na moto. Hizo ni za ribiti na bolti.

Kama utachonga kwa mashine. O na hali laini hunata kwenye kisu na kuacha uso mchafu. T6 hukatika kuwa vipande vifupi na kuacha uso unaong'aa. Ila kwa bamba nene sema T651, si T6. Kupoza ghafla huacha ngozi ya nje ikigandamizwa na kiini kikivutwa, na pande hizo mbili zinashikana kwa usawa. Ukichonga upande mmoja umeuvunja usawa huo, na kipande kinajipinda kikitoka kwenye jiriwa. Nimewahi kuchonga sinia la kina kutoka kwenye bamba lisilovutwa. Vipimo vyote vilikuwa sahihi likiwa limebanwa. Nilipolegeza tu, pembe zikanyanyuka zaidi ya milimita moja. Hakuna ustadi wa mkono unaotibu hilo.

Kama utaoka rangi ya unga. Tanuri hilo hufika nyuzi 180 hadi 200 kwa dakika 10 hadi 20. 6061-T6 na 6063-T6 huvumilia kwa kuwa muda ni mfupi. 7075-T6 ni jambo tofauti: ilikomazwa kwa nyuzi 120 kwa saa 24, na 200 kwake ni moto wa kuishusha. Bati la H18 nalo hulegea kiasi.

Hatua ya 5: Kisha uliza itaishi wapi

Nguvu ya 7075-T6 inavutia: megapaskali 500 na zaidi za kupinda. Lakini katika vipande vinene vinavyovutwa kukatiza punje zake (fuwele ndogo zinazoiunda metali), ikikaa na mkazo wa kudumu mahali penye unyevu au chumvi, inaweza kuingiwa na nyufa zinazotembea kwenye mipaka ya punje, na kipande kikaachana ghafla chini ya mzigo ambao ingepaswa kuubeba. Hapo ndipo T73, aina mojawapo ya T7, inapopata heshima yake. Inakomazwa kwa ngazi mbili za joto, inapita kilele, inapoteza kama asilimia 10 hadi 15 ya nguvu, na nyufa hizo zinakaribia kutoweka. Kwa kipande kinene cha 7075 kitakachobeba mzigo wa kudumu, chagua T73 au T7351 na uongeze unene kidogo. Sioni sababu ya kuchezea hilo.

Ukoo wa 5 una mtego wake. Aloi yenye magnesiamu inayozidi asilimia 3, kama 5083, ikikaa muda mrefu juu ya nyuzi 65, magnesiamu hujipanga kwenye mipaka ya punje na kuifanya iliwe na chumvi kupitia humo. Kwa maji ya bahari yenye joto la kawaida, chukua 5083 kwa H116 au H321, hali ambazo hupimwa makusudi dhidi ya ulikaji huo. Kwa tangi la kimiminika cha moto, shuka hadi 5052 au 5454, ambazo magnesiamu yake haifiki kiwango hicho.

Joto la kazi lenyewe usilisahau. Kitu kilichokomazwa tanurini huendelea kukomaa kikikaa kwenye joto la karibu na lile lililokikomaza. 6061-T6 inayoishi juu ya nyuzi 150 inaelekea kulegea. Ukoo wa 2 hustahimili zaidi, na ngozi ya ndege ya Concorde, ambayo ilipashwa moto na kasi yake yenyewe, ilitengenezwa kwa aloi ya ukoo huo.

Hatua ya 6: Hakikisha tatizo lako ni la nguvu kweli

Mtu huja na rafu inayolegea katikati na kutaka kuhama kutoka O hadi T6 ili isilegee. Haitasaidia. Ukakamavu wa alumini, yaani jinsi inavyonyumbuka chini ya mzigo kabla ya kupinda moja kwa moja, ni karibu gigapaskali 70 katika kila hali, iwe O, iwe T6. T6 itarudi ilivyokuwa ukiondoa mzigo, na O huenda isirudi, lakini mzigo ukiwa mdogo zote mbili zinalegea sawasawa. Kinacholeta tofauti ni umbo: ukitoka bati la milimita 3 hadi la 4, ukakamavu wa kupindika unapanda zaidi ya mara mbili, kwa sababu ukakamavu huo hufuata unene × unene × unene. Au kunja ukingo.

Hatua ya 7: Thibitisha ulicholetewa

Omba cheti cha kiwanda chenye namba ya bachi, na uilinganishe na namba iliyochapwa kwenye bati. Kwa kazi nyeti omba cheti cha aina ya 3.1 cha EN 10204. Hicho kina matokeo ya vipimo vya bachi yako hasa.

Cheti kikikosekana, pima ugumu. Kwa kipimo cha Brinell, 6061-O huonyesha takriban 30, T4 kama 65, na T6 kama 95. Tofauti ni kubwa kiasi kwamba hata koleo la mkono la kupimia ugumu wa profaili litazitenganisha. Huna chombo? Piga kitobo kwa nguvu ileile juu ya kipande unachokijua na kile usichokijua, kisha linganisha ukubwa wa mashimo. Si kipimo cha kuandika kwenye karatasi, lakini kinatosha kukuzuia usikunje T6 ukidhani ni O.

Ugumu peke yake unaweza kukupotosha pale metali ilipopita kilele, kwa sababu unapanda na kushuka, na namba moja inaweza kuwa ya safari ya kupanda au ya kushuka. Kwa 7075 wakaguzi hupima pia upitishaji wa umeme. T6 hupitisha karibu asilimia 33 ya kiasi kinachopitishwa na shaba safi, na T73 karibu 40. Vipimo viwili vikisomwa pamoja ndivyo vinavyotoa jibu.

Mwisho, andika namba na hali kwa kalamu isiyofutika kwenye pande zote mbili za bati kabla ya kukata kipande cha kwanza, maana chapa ya kiwanda huondoka na kile kipande cha pembeni unachokitumia kwanza. Mabaki yaliyopoteza jina lake yaweke kando. Ukilazimika kuyatumia, kwa hesabu ya mzigo yachukulie kuwa O, na kwa hesabu ya mkunjo yachukulie kuwa T6.